Treni ya Mzee Kasimiri

Milanzi, Sumbawanga
4 Juni 2023

Dada yangu Sista Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Ile ya "natumaini hujambo, sisi hatujambo" leo naiacha, maana nikiiandika nitakuwa nimeanza barua kwa uongo.

Kwanza, tafadhali usipige simu tena. Najua Mama Mkuu wenu anawaruhusu mara moja moja tu na wewe ile nafasi unaisubiri. Lakini mara ya mwisho nilipoweka simu kwa sauti kubwa, Baba alikutafuta nyumba nzima. Chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka kwenye pipa la maji. Halafu akakaa chini akalia kwamba kuna binti amefungiwa mahali na sisi tunamtazama tu. Kwa hiyo tuandikiane, kama zamani ulipokuwa shule ya bweni.

Sasa Baba mwenyewe. Kila siku anaamka kabla ya jogoo, anavaa koti lake la udereva wa reli ya TAZARA, anadai chakula chake cha safari, anasema kachelewa zamu. Treni imesimama Mbeya, abiria wanamsubiri. Namwambia, Baba, umestaafu miaka mingi, na hapa ni Sumbawanga, reli hakuna. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeing'oa. Jumatano iliyopita alitutoroka. Tulimkuta kupita kijiji cha Mollo, na baridi hii ya Juni unayoijua, mguu mmoja hauna kiatu. Vijana wa Kisukuma waliokuwa wanachunga walimshika wakampa maziwa. Aliwaambia anafuata reli, ila kuna watu wameiiba.

Nimepata wazo, naomba usinicheke. Juzi alikwenda kwa jirani yetu Amos, na kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha treni za huko kwenu Ujapani. Alikaa kitako tangu mchana hadi jioni, hakuulizia Mbeya hata mara moja. Alikuwa anasema tu, "Safi. Breki kaishika vizuri." Amos anasema huko wanauza treni za mfano, ndogo, za mezani, zinatembea kweli. Ukiweza kunitazamia bei, nitashukuru. Nafikiri akiwa na treni yake ndani ya nyumba, hatakuwa na haja ya kuifuata barabarani.

Baba anakusalimia sana.

Mdogo wako,
Nestory


Nagasaki
29 Juni 2023

Nestory mdogo wangu,

Milele amina, na marahaba. Nilicheka kidogo, halafu nilipofika kwenye kile kiatu nikaacha.

Jana nilipotoka zamu kwenye nyumba ya wazee nilimwomba Sista mmoja wa hapa anipeleke kwenye duka la treni za mfano. Ndugu yangu, lile duka! Wanaume wazima wamevaa tai wanainama juu ya vibehewa kama mafundi saa. Kuna treni ndogo kama kidole, hizo Baba hataziona. Nikaomba kubwa. Muuzaji akauliza ni ya mtoto wa miaka mingapi. Nikamjibu, sabini na sita. Hakucheka, alikwenda stoo.

Mpya, pamoja na reli zake na behewa tatu, ni yeni elfu ishirini. Kwa hela yetu ni kama laki tatu na nusu. Unanijua mimi, mfukoni nina rozari na leso. Lakini nilipotimiza miaka ishirini na mitano ya nadhiri, waumini wa hapa walinipa bahasha, na Mama Mkuu akasema ikisaidia nyumbani hatazuia. Lakini laki tatu na nusu kwa kitu cha kuchezea, Nestory, hata Mungu naona aibu kumweleza. Tazama kwanza huko. Hakuna fundi wa kuchonga? Tulipokuwa wadogo kule kota za reli za Mbeya watoto walikuwa wanatengeneza treni kwa makopo ya maziwa, na Baba alikuwa anatukosoa.

Jambo moja zuri nimelipata. Yule muuzaji aliniambia reli zao za zamani zina upana sawasawa kabisa na za TAZARA. Alipima na kunionyesha kwenye kitabu. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Niambie ukweli. Huu ni msimu wa mavuno, wewe upo shamba, wifi yangu Bertilla yupo sokoni, watoto wapo bweni. Mchana Baba anabaki na nani?

Dada yako,
Sr. Hellena


Milanzi
23 Julai 2023

Dada Sista,

Shikamoo. Mchana usiwe na wasiwasi, Baba yupo salama.

Nimefanya ulivyosema. Kuna fundi anaitwa Mboje, Msukuma, amehamia Muze kule bondeni na ng'ombe zake, ila mikono yake haiwezi kutulia. Anachonga vigoda, matrekta, mabasi, anapanda navyo kuuza mjini siku za soko. Nikamwuliza treni anaiweza? Akacheka. "Mzee, mimi nimekulia Malampaka kando ya Reli ya Kati, treni ilikuwa inatuamsha kwenda shule!" Bei elfu arobaini. Bertilla akamshusha hadi thelathini na tano, na chai ya maziwa juu.

Akaileta wiki iliyopita. Dada, imechongeka! Kichwa cha mti, paa la bati, behewa mbili. Urefu wa meza yetu. Nikamwita Baba. Alivaa miwani, akapiga magoti mwenyewe, akapitisha vidole chini kati ya magurudumu. Sisi tukamtazama kama tunaosubiri matokeo ya mtihani. Akasema, "Hii ni ya Reli ya Kati. Magurudumu yamekaribiana. Huku kwetu itaanguka." Akainuka akaenda kutafuta koti.

Mboje uso ulimshuka. Mimi nilitaka kucheka na kulia vyote pamoja. Mtu amesahau kama amekula, anakumbuka upana wa reli! Nilimpa Mboje nusu ya bei, akakataa, akafunga treni yake kwenye baiskeli akashuka nayo Muze.

Basi nimepiga hesabu ya kwetu. Ya Mboje ni chini ya gunia moja la mahindi. Ya Ujapani ni magunia sita. Lakini ya Mboje inasukumwa kwa mkono, na upana wake umekataliwa na mwenye reli. Ya kwenu inatembea yenyewe, na upana ni ule ule. Bertilla anasema kwa hela hiyo tungeweka mtu wa kukaa na mzee miezi kadhaa. Nikamwambia bahasha ni ya dada, na mtu wa kukaa naye atamwambia nini ambacho mimi sijamwambia? Nimechoka kumwambia baba yangu kwamba hana kazi. Nunua hiyo, dada.

Baba anakusalimia sana. Anasema umwombee.

Nestory


Nagasaki
27 Agosti 2023

Nestory,

Nimenunua. Siyo mpya. Hata Wajapani wana mitumba, na mitumba yao huwezi kuona mkwaruzo. Ya bei nusu, na kubwa kuliko ile ya kwanza, kichwa chake kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Inatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika hamna shida. Ile hela iliyobaki nimeiweka kwenye bahasha ndani ya boksi, mpe Bertilla mkononi. Ndiyo, Bertilla, siyo wewe.

Padri Clemens, ambaye naye anahudumu huku, anakuja likizo huko Septemba, ataibeba. Reli zinaungana kwa kubonyeza na zinatengeneza duara kubwa. Ziweke mezani, siyo sakafuni, Baba asije akazikanyaga. Ukiwasha inazunguka yenyewe hata saa nzima, haihitaji mtu.

Nilipoijaribu hapa kwenye ukumbi wa wazee, watu wote waligeuza viti kuitazama. Bibi mmoja ambaye hajasema neno tangu Pasaka alipunga mkono kila ilipopita. Niliomba Mungu iwe hivyo kwa Baba. Niandikie siku ile ile atakapoiona.

Sr. Hellena


Milanzi
8 Oktoba 2023

Wifi yangu Sista Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa ni mimi Bertilla. Nestory hajui kama naandika. Anakaa na karatasi mbele yake, anaandika "Dada Sista", anakunja. Wewe unasubiri, na siyo haki.

Treni ilifika salama na hela niliipata, asante sana. Jumapili baada ya misa Nestory aliiunga mezani, Amos akaja na familia yake, nikapika wali na kuku. Baba tukampa kiti cha mbele. Alipoona kichwa alikaa wima, akapima reli kwa vidole, akasema, "Hii ndiyo." Wifi, Nestory alifuta macho mbele za watu.

Akaiwasha. Mzunguko wa kwanza Baba alitabasamu. Wa pili akatoa saa yake mfukoni. Wa tatu akasimama. Akasema, "Mbona hakusimama stesheni?" Sisi tukacheka, tukadhani ni utani. Ilipopita tena akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Haina mtu! Haina dereva! Breki zimekatika!" Alikuwa anawaita watu waruke. Nestory alitafuta kitufe cha kuzima, kumbe kiko upande ule wa chini. Baba akamsukuma akajitupa mezani kuizuia kwa mwili wake. Meza ikaanguka naye. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, hospitali wamemfunga plasta. Treni yenyewe haikuharibika, ililala ubavu inazungusha magurudumu.

Sisi tuliona duara, tukaona raha. Yeye ameendesha treni miaka thelathini. Kwake yeye treni inayopita stesheni mara nne bila kusimama, ndani hakuna mtu, ni vifo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo. Tangu siku ile analia usiku, anauliza abiria wametolewa wangapi.

Na kuna jingine, wifi, naomba usinichukie. Uliuliza mchana anabaki na nani. Habaki na mtu. Tangu Juni tunamfungia. Nestory alinunua kufuli, anafunga kwa nje tukitoka, tunamwachia uji na ndoo. Hela uliyoniletea nimeanza kumlipa mama mmoja wa jumuiya yetu aje, lakini amekuja siku nne akashindwa, Baba alimfukuza akisema siyo mfanyakazi wa reli.

Wifi yako,
Bertilla


Nagasaki
30 Oktoba 2023

Nestory,

Kufuli? Baba yetu? Mtu ambaye hakuwahi kufunga hata banda la kuku? Na ndoo, Nestory!

Hiyo mistari ya juu niliiandika wiki iliyopita, nikaiacha mezani nikaenda zamu. Nimerudi kuiandika upya, nikaona bora ubaki nayo, halafu usome na hii.

Ghorofa ninayohudumia mimi ina wazee kumi na wanane walio kama Baba. Mlango wake unafungwa. Hauna kufuli, una namba za kubonyeza, na namba tunazijua sisi tu. Kila jioni babu mmoja anasimama pale na mkoba wake, anabonyeza namba yoyote, anasubiri. Mimi nampita, nabonyeza, natoka, unajifunga nyuma yangu. Nimefanya hivyo miaka sita na hakuna aliyeniandikia barua ya kunigombeza. Huku anayefunga analipwa mshahara, na amevaa shela nyeupe. Basi nisamehe.

Na bado nina la kusema. Ugonjwa huu niliujua tangu ulipoandika mara ya kwanza juu ya Mbeya. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza utapona lini. Haurudi nyuma, Nestory. Nimeutazama kwa watu wengi, na huku wana dawa na mashine ambazo sisi hatutaziona. Nilinunua treni kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kununua.

Mkono wake unaendeleaje? Usinifiche.

Hellena


Milanzi
26 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nilisoma barua yako shambani, nimekaa juu ya jembe, mvua ya kwanza inanyesha. Nilikasirika sana. Baadaye nikashukuru kwamba kuna mtu mwingine anayejua.

Mkono umeunga vibaya kidogo, lakini anashika kikombe.

Treni ya Ujapani nimeirudisha kwenye boksi, ipo juu ya kabati. Niliteremka Muze mwenyewe kumtafuta Mboje. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Mfipa wa mlimani kalifuata joto la bondeni, kumbe shida ni kubwa!" Ile treni alikuwa nayo bado, watoto wake wanaikalia. Tukang'oa magurudumu, tukayatanua kwa kipimo cha kipande cha reli ya kwenu nilichokwenda nacho mfukoni. Hela hakutaka, nikamwachia debe la ulezi.

Nimeiweka sebuleni, sakafuni. Haitembei, haina betri, haina chochote. Baba aliipima, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kichwa, akavaa kofia. Nikasubiri aende mlangoni. Hakwenda. Baada ya muda akaniuliza, "Stesheni masta, kibali cha njia kimetoka?" Sijui nini kilinisukuma ulimi nikajibu, "Bado mzee, kuna treni ya mzigo inatoka Tunduma." Akasema, "Haya. Tusubiri." Akasubiri mpaka jua likazama, ametulia kabisa, Dada. Dereva mzuri haondoi treni bila kibali.

Kufuli nimelitoa. Nimelitupa chooni. Kila asubuhi anauliza kibali, na kila asubuhi nampa sababu. Ng'ombe wamekaa relini. Daraja linakaguliwa. Bertilla naye amekuwa stesheni masta, tena yeye ni mkali kuliko mimi. Lakini nakwambia ukweli, jioni nikimvua lile koti naona nimemwibia siku. Amevaa tayari, amenyoosha kofia, ananiamini, na mimi namdanganya hadi chakula cha usiku.

Na kwa kuwa tumeanza kusema kweli, Baba hakuwahi kukusalimia. Salamu za kila barua nilizitunga mimi. Sijui kama anakumbuka ana binti. Nisamehe.

Nestory


Nagasaki
20 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Nilijua. Baba salamu zake hazikuwa "anakusalimia sana". Tangu niingie utawa, kila barua yake ilianza kwa kuuliza mnakula nini huko na kama ninashiba. Kwenye barua yako ya kwanza kabisa sikuona swali hilo, nikaelewa. Nikakushukuru kimoyomoyo kwa kunitungia.

Likizo yangu ni mwaka kesho kutwa. Nimeomba isogezwe, nimeambiwa tupo wachache na wazee ni wengi, na ni kweli. Kwa hiyo sina ninachoweza kuwafanyia isipokuwa kuandika ninachokiona hapa. Yule babu wa mlangoni, siku moja nilibonyeza namba nikamwachia atoke. Nilifuatana naye mpaka kwenye bustani. Alitazama huku na huku, akashika mkono wangu akarudi ndani, na wiki ile hakusimama tena mlangoni.

Mpe njia, Nestory. Siku moja tu, wewe ukiwa karibu. Mwambie kibali kimetoka. Mtu aliyengoja kwa adabu hivyo anastahili kuambiwa ndiyo mara moja kabla hajafa. Pengine ataishika treni yake, atakwenda nayo popote inapokwenda kichwani mwake, atafika, atapumzika.

Heri ya Noeli kwenu wote.

Hellena


Milanzi
21 Januari 2024

Dada Hellena,

Nilimpa njia jana, Jumamosi.

Niliamka mapema nikanyoa ndevu, usiniulize kwa nini. Bertilla alimfungia chakula cha safari, viazi na maharage, kwenye kile kikontena chake. Mvua ilikuwa imekatika. Tukafungua mlango wa mbele wazi kabisa, mwanga ukaingia mpaka kwenye behewa la mwisho. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda tayari, koti na kofia. Akauliza kama kawaida, "Stesheni masta, kibali?"

Nikasimama wima. Nikasema, "Kimetoka mzee. Njia iko wazi mpaka Makambako. Safari njema."

Dada, ungeuona uso wake! Alisimama bila kushikwa. Alinipa mkono, huu wa kulia uliovunjika, akanishukuru kwa kazi. Bertilla akaanza kupunga kitambaa na machozi yanamtoka. Baba akapiga goti, akaweka mkono juu ya kichwa cha treni. Akakaa hivyo.

Akakaa hivyo muda mrefu. Aligusa paa, akagusa gurudumu, akarudi kwenye paa. Mdomo ulikuwa unatembea kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyesimama mbele yake. Halafu akageuka akanitazama, kwa heshima kabisa, kama unavyomwuliza mgeni usiyemjua.

"Samahani kijana. Hii inawashwaje?"

Mimi sijui treni inawashwaje. Miaka yote ile, kota za Mbeya, nimelala chini ya paa lake, nimekula jasho lake, nimevaa makoti yake ya zamani kwenda shule, sikuwahi kumwuliza. Nikamwambia, "Sijui, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu, wala hakukasirika. Akarudi kwenye kigoda, akasogea kidogo ili nipate pa kukaa. Akasema, "Basi tumsubiri dereva."

Nikakaa. Akafungua chakula akanipa nusu, akaniuliza kama nimeshiba.

Leo pia amevaa koti. Hajauliza kibali. Anatazama mlangoni, na kwa kila mtu anayepita barabarani ananiuliza kama ndiye dereva. Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa pembeni yake, maana nikiinuka ananishika shati, anasema nisiende mbali, dereva akija atatukosa.

Mdogo wako,
Nestory